Noti Thelathini Ndani ya Plastiki

Fundi saa ninayemsimulia ni rafiki yangu wa miaka mingi, na si mtu wa porojo. Ugonjwa wake ni noti za zamani, zile zilizofutwa kitambo ambazo leo hazinunui hata kiberiti.

Asubuhi moja mjane wa karani wa benki alimwita akaone noti thelathini za marehemu, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki uliozibwa kwa moto. Mjane alikuwa akiishi katika jengo la benki iliyohama, na noti zilikuwa bado kwenye chumba cha chuma cha kuhifadhia fedha.

"Zitazame kwa nafasi, mwanangu. Mimi nafika sokoni mara moja."

Fundi alikuja na taa yake ya zambarau. Noti ya kughushi hung'aa chini ya taa hiyo, ya kweli hufifia, lakini lazima kuwe na giza totoro. Basi akauvuta mlango mwenyewe. Ukabana, na kwa ndani haukuwa na kitasa.

Alipiga ngumi, akaita mpaka sauti ikamkauka. Kisha taa ikazimika. Hapo akasikia, karibu kabisa na sikio lake, mtu akilamba kidole. Noti ikafunuliwa, ikalia chaka. Kidole kikalambwa tena. Chaka. Fundi alijibanza ukutani, akasikiliza mpaka ya thelathini.

Mjane alipofungua alimkuta bado amejibanza ukutani.

"Pole, mwanangu. Umeziona lakini?"

Fundi akaziangalia kwenye mwanga. Mifuko yote ilikuwa mikavu, imezibwa vilevile. Ndani yake, kila noti ilikuwa imelowa kwenye kona moja, upana wa ncha ya kidole.