Dumuzi Waliohamia Kwenye Udaga

Matrida wa Butiama alikuwa akianika mihogo juu ya mwamba nyuma ya nyumba yake. Mwaka uliopita dumuzi, vijidudu vidogo vya rangi nyeusi, walimaliza mahindi yote ghalani mwake. Kwa hiyo mwaka huu yeye na mumewe, Wanzagi, walilima mihogo tu.

“Wale wadudu wanakulaga mahindi,” Wanzagi alisema. “Muhogo hawaujui.”

Walifagia ghala lao lilelile la miti, wakalijaza udaga, yaani mihogo iliyovundikwa na kukauka vizuri. Huo ndio ungekuwa ugali wao wa miezi yote ya njaa.

Mwezi mmoja ukapita. Siku moja Matrida aliingia ghalani, akashika kipande cha udaga. Kikavunjika mkononi. Ndani kulikuwa na vumbi, na dumuzi wakitembea. Akakaa mlangoni. Kisha akainuka, akaenda kumwita Tabitha, mtaalamu wa kilimo wa kata.

Tabitha alipofika hakuugusa udaga. Aligonga nguzo ya ghala kwa kidole.

“Baba Nyangi, lete shoka,” akamwambia Wanzagi.

Wanzagi alisita. Ghala lile alilijenga kwa mikono yake. Hata hivyo aliipasua nguzo. Ndani ilikuwa matundu tu, na dumuzi wamejaa humo.

“Kumbe wanakula mpaka miti?” Matrida aliuliza.

“Ukoo wao ni wa kutoboa miti tangu zamani,” Tabitha alisema. “Taya zao ni za kazi hiyo. Mahindi na mihogo mikavu ni migumu kama mti, lakini ina chakula kingi zaidi. Zamani, dumuzi walioweza kuishi kwa chakula hicho walizaa sana. Watoto wao wakarithi uwezo huo. Vizazi vingi vikapita hivyo, mpaka wakawa hawa unaowaona.”

“Kwa hiyo nilipoacha mahindi sikuwakimbia?”

“Hukuwakimbia, Mama Nyangi. Uliwabadilishia mboga tu.”

Matrida akacheka, mara ya kwanza siku hiyo.

“Ila kuna kitu hawajaweza,” Tabitha akaendelea. “Kuishi bila hewa.”

Wakachagua vipande vizima, wakavianika tena juani. Wakavitia kwenye mifuko maalumu yenye plastiki mbili ndani, wakakamua hewa, wakafunga kila tabaka kwa kamba. Mifuko wakaiweka ndani ya nyumba, juu ya matofali. Ghala la zamani wakalichoma moto.

Baada ya miezi mitano Matrida alifungua mfuko wa kwanza, majirani wakichungulia. Juu kulikuwa na dumuzi wachache, wamekufa. Chini yao udaga ulikuwa mzima, mweupe, unanukia.

Alisonga ugali mkubwa, akapika samaki aina ya sato kutoka Musoma, wote wakala wakashiba. Majirani walipouliza siri ni nini, Matrida alifungua mdomo ajibu. Lakini Wanzagi alikuwa ameshasimama, kipande cha udaga mkononi, akiwaeleza habari za taya za dumuzi kana kwamba alizaliwa akizijua.