Mstari Mmoja na Nyuzi za Bibi

Kila alipotoka shule, Chiriku alimtungia bibi yake uzi kwenye sindano. Jina hilo alipewa kwa kupenda kusema. Bibi alikuwa fundi wa nguo, macho yamepungua nuru, na mapafu dhaifu tangu alipougua kifua. Chiriku alilamba ncha ya uzi, akaipitisha tunduni, akamwekea sindano tayari kwenye mto wake mdogo wa kuchomekea sindano. Bibi alishona, kisha akakata uzi kwa meno.

Siku moja koo lilimwasha Chiriku tangu asubuhi. Mwenzake wa dawati moja alikuwa nyumbani, anaumwa Korona. Chiriku akatoa kipimo cha haraka kabatini, akajipima mwenyewe. Ulitokea mstari mmoja tu.

"Sina!" alijiambia, akaenda kulamba nyuzi kama kawaida.

Shangazi yake, muuguzi, aliporudi kutoka kazini alimkuta akikohoa.

"Wee Chiriku, leo unakwaruza kama kunguru?"

"Nimepima, shangazi. Mstari mmoja."

"Umeanza kuumwa lini?"

"Leo."

Shangazi aliacha kuvua viatu. "Mapema mno! Virusi vikiwa bado vichache, kipimo hicho huvipisha kama mlinzi aliyesinzia. Umemkaribia bibi?"

Chiriku aliwaza haraka. Akisema, atagombezwa. Chumba cha pili cherehani ilisimama, na bibi akakohoa.

"Nimelamba nyuzi zake," alisema, machozi yakimlengalenga.

Shangazi alitoka mbio. "Mama, usiutie huo uzi mdomoni!"

"Kwani nyumba inaungua?" aliuliza bibi, uzi umebaki kidogo ufike midomoni.

Sindano zote ziliondolewa, madirisha yakafunguliwa, barakoa zikavaliwa. Chiriku akahamishiwa chumba cha stoo, peke yake. Humo alitega sikio ukutani. Bibi akikohoa, alijifunika shuka gubigubi akiwaza, "Nimemuua." Bibi asipokohoa, aliogopa zaidi.

Baada ya siku mbili alipima tena. Mistari miwili.

Bibi naye alipimwa nyumbani, akapimwa tena, kisha akapelekwa kupimwa maabara ya hospitali. Hakuwa na kitu. Kikohozi kilikuwa kile kile chake cha siku zote. Hapo ndipo Chiriku alipoweza kumeza chakula.

Alipopona na kuruhusiwa kutoka, shangazi alimkalisha karibu na cherehani.

"Kipimo kikisema unao, kiamini. Kikisema huna, nawe unajisikia mgonjwa, usikimbilie kushangilia. Jitenge, upime tena. Na ujue, mwanangu, ule mstari ulikuwa umtie bibi yako hatarini. Kilichomwepusha ni mdomo wako kusema kweli."

"Kumbe!" bibi alicheka. "Nami nilidhani mdomo huo kazi yake ni kulamba nyuzi tu."

Akamsogezea mkasi mdogo na kibakuli cha maji. Chiriku akachovya ncha ya uzi, akaanza kutunga.