Kidole Kwenye Mtutu

Kila fundi bunduki ana mazoea yake, na ya huyu yalikuwa kuchungulia. Kabla hajagusa kazi huchomoa bolti, kile chuma kinachofunga risasi kwa nyuma, huelekeza mtutu dirishani, hufumba jicho moja na kutazama mwanga unavyozunguka ndani ya chuma. Siku ile alichungulia akaona duara jeupe la dirisha kule mwisho, kama kawaida. Mara duara likaanza kuzibika. Lilizibika polepole, kuanzia chini, kama vile mtu anaingiza kidole.

Aliishusha bunduki haraka. Mbele ya mtutu hapakuwa na mtu. Palikuwa na meza, makopo ya mafuta, na kalenda ya mwaka jana ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuibandua.

"Macho haya yamezeeka," alijiambia.

Lakini moyo ulikataa, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja tu wa utundu huo. Mwanawe wa pekee, tangu anatambaa, alikuwa akichomeka kidole kwenye kila mtutu alioukuta karakana, mpaka siku moja kikanasa na mama yake akaja mbio na sabuni. Jina la Kidole likamganda hadi akaota ndevu. Alipokua akawa mwindaji, yule anayeitwa na wakulima nyati wakivamia mashamba. Na bunduki hii kuukuu ya bolti, yenye kitako kilicholainishwa na mashavu ya wawindaji watatu, ilikuwa yake.

"Baba, hizi risasi fupi hazimsimamishi nyati," Kidole aliwahi kumwambia. "Niongezee urefu wa chemba inapolala risasi, nitumie zile ndefu."

"Nitakuongezea. Subiri nimalize kazi za watu."

Kazi za watu haziishi. Subira huvuta heri, ndivyo tunavyoambiana. Subira ya fundi ilivuta nyati dume. Kidole alimpiga risasi mbili fupi, zote kifuani, na mnyama hakusimama. Kijana akarudishwa nyumbani chini ya turubai, na bunduki ikarudi nyuma yake bila hata mkwaruzo.

Ilipita miezi saba ndipo baba mtu akaitoa kabatini. Ahadi ni deni, hata kama mwenye kudai kalala kaburini. Aliibana kwenye jiliwa, akatia mafuta, akaingiza kekee ndefu ya kupanulia chemba, akaanza kuizungusha kwa mkono. Kazi hii haitaki pupa. Unazungusha kidogo, unatoa, unafuta, unapima. Chuma ukishakitoa hakirudi.

Jambo la pili lilikuwa harufu. Kila alipochomoa kekee, chembani mlitoka harufu ya nyasi mbichi zilizokanyagwa, na ndani yake jasho la mnyama. Alibadilisha mafuta mara mbili. Harufu ikabaki pale pale.

Siku ya tatu, mchana mweupe, jirani wakisikika wanatwanga, sauti ikatoka ndani ya chuma, ndogo, ya mbali, kama mtu aliye chini ya kisima.

"Baba, bado?"

Nyuma yake kikombe kilianguka kikapasuka. Mkewe alikuwa amemletea chai.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nimesikia."

"Ni yeye."

"Mke wangu, wafu hawaji kuuliza kazi imefikia wapi."

"Ni yeye, baba Kidole. Yuko mbali tu." Mama yule alikanyaga vigae vya kikombe bila kuviona, akaja kusimama karibu na jiliwa. "Zungusha tena."

Akazungusha. Mungu amsamehe, na yeye alitaka kusikia.

Tangu siku hiyo mkewe alivuta kigoda akawa anashinda karakana, na kila chemba ilivyorefuka ndivyo sauti ilivyosogea. Ilifika mahali ikasema lile neno ambalo Kidole alilitanguliza kila arudipo porini, kabla hata ya salamu: "Mama, maji yapo?" Kuanzia hapo mama akawa anabandika maji ya kuoga kila alasiri. Akaanza kuchana nywele. Akaanza kula. Fundi alikuwa amemwona akikonda miezi saba, na sasa alimwona akimung'unya mkate huku anatabasamu na chuma, akashindwa kuamua kati ya kufurahi na kulia.

Mwishowe alimwita mganga. Alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno machache, mshona magodoro, ambaye watu walimfuata kwa mambo ya majini zaidi ya magodoro yake. Aliinusa chemba mara moja tu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Chuma kikuukuu hakikosi mpangaji," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu alikuwa amejilalia kwenye chumba kifupi. Wewe unampanulia chumba."

"Sio mwanangu?"

"Mwanao umemzika, fundi. Huyu alimsikia akiongea, shavu liko kwenye kitako, miaka yote hiyo. Sauti amejifunza." Akamvuta pembeni. "Ikate hiyo bunduki. Na ukishaikata, sauti ile isiigizwe na mtu yeyote humu ndani, hata kwa mapenzi. Akifukuzwa huku atatafuta pengine pa kukaa, na atakayemwigiza ndiye amemfungulia."

"Toka!" Mama Kidole alikuwa ameshika sufuria ya maji ya moto kwa mikono miwili. "Toka kabla sijakumwagia!"

Mganga akatoka. Fundi naye akabaki njia panda, na mtu wa njia panda huendelea na alichokuwa anakifanya.

Chemba ikatimia. Ikabaki kazi ya tupa: risasi ndefu zilikuwa zinagonga kwenye mteremko zinaopandia kuingia chembani, kwa hiyo mteremko ulihitaji kupunguzwa, lakini kidogo sana, kwa sababu nyuma yake pana kipande cha chuma kinachoegemewa na jino la chini la bolti wakati baruti inapolipuka. Ukila chuma hicho, siku ya kwanza kupiga, bolti inarudi kwenye jicho la mpigaji. Fundi alipiga tupa mpaka kwenye alama aliyoichora, akasimama.

"Kata tena, Baba," ikasema sauti, na sasa haikuwa ya kisimani, ilikuwa sikioni kabisa, yenye pumzi ya joto inayonuka nyasi, na mkono wake wenye tupa ukaanza kusogea kabla hajauamuru, na mkewe pale kigodani akawa anasema kata, kata mume wangu, amefika, huku jiliwa lenyewe likitetemeka mezani na makopo ya mafuta yakigongana, na sauti ikizidi kubembeleza kwamba bado kidogo, kidogo tu, niko mlangoni Baba, usinifungie tena.

Mkono ukagoma hapo hapo. Kidole alipotimiza miaka kumi, somo la kwanza kabisa alilopewa lilikuwa hilo. Baba yake alikishika kile kidole kitundu akakiweka juu ya chuma kile, akamwambia: hapa hapaguswi, hata mfalme akikupigia magoti. Na hapakuguswa. Kidole aliwahi kumtimua mteja tajiri kwa kung'ang'ania paguswe.

"Mwanangu," fundi aliuliza, "hapo unaponiambia nikate, pana nini?"

Sauti ikasema, "Chuma tu, Baba. Kata."

Ndipo moyo wake ulipovunjika kwa mara ya pili, kwani mpaka dakika ile, licha ya mganga na harufu na yote, alikuwa anaamini.

Akachukua msumeno wa chuma. Mkewe akamrukia mkono.

"Unamuua tena? Mara ya kwanza ulimuua kwa kuchelewa, leo unamuua kwa haraka!"

Alikata huku mkewe amening'inia mkononi mwake, na sauti ikalia kwa kilio cha Kidole cha utotoni, kile cha siku ya sabuni, ikamwita Mama, ikamwita Baba, ikaita mpaka msumeno ulipotokeza upande wa pili na kipande kimoja kikaanguka sakafuni, cha mtutu kikabaki kwenye jiliwa. Harufu ikakatika. Kilichosikika ni maji yaliyokuwa yanachemka jikoni.

Wiki tano mkewe hakusema naye. Alasiri moja akaja karakana, akaketi kwenye kigoda kile, karibu na mtutu uliokuwa bado kwenye jiliwa, umeelekea dirishani. Alikuwa amekonda kuliko mwanzo.

"Nilijua," alisema. "Mama asimjue mwanawe? Siku ya kwanza tu nilijua siye. Nilitaka kumsikia, basi."

Fundi akamshika mkono. Ulikuwa mifupa.

"Sauti yako na yake zilikuwa moja," mkewe akasema. "Niulize maji. Mara moja tu, halafu sikusumbui tena."

Alimkumbuka mganga, neno kwa neno. Lakini angemwambia nini? Subiri? Neno hilo alishamwambia mtu, na mtu huyo akafa nalo. Akamtazama mwanamke aliyemzalia mtoto mmoja, akafungua kinywa.

"Mama, maji yapo?"

Ilitoka laini, changa, bila chembe ya uzee. Uso wa mkewe ukafunguka.

"Yapo, mwanangu." Akainuka. "Yapo, yako tayari."

Fundi akataka kumwambia ni mimi, mumeo, usiende. Pumzi yake mwenyewe ilimrudia puani, inanuka nyasi zilizokanyagwa. Kinywa kikafunguka bila yeye.

"Na Baba yuko wapi?" kikauliza.

Baba alikuwa mahali pembamba penye giza na mafuta, anaita na hakuna anayesikia. Mbali mbele yake aliona duara jeupe, dirisha la karakana yake, na mkewe anapita akiharakisha jikoni. Kisha duara likaanza kuzibika, polepole, kuanzia chini.