Kufuli la Kabati la Sukari

Kila asubuhi mama wa nyumba hii alisimama mbele ya kabati la jikoni akiomba sukari. Hakuwa mgeni. Kabati lilikuwa lake tangu aolewe.

Mumewe alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi. Miaka yote ya kazi yake, hakuna kopo lililotoka bila yeye kufungua mlango. Kisha akastaafu. Akapewa saa ya ukutani na makofi, akarudi nyumbani. Haukupita muda akanunua kufuli, akalifunga kabati. Sukari ikawa inatoka kwa kijiko. Kipande kipya cha sabuni hakikutoka mpaka cha zamani kionyeshwe. Ukitaka mafuta, ueleze kwanza unapika nini. Wajukuu wakamwita Bwana Stoo. Alifurahi, maskini, hakujua kwamba anachekwa.

Mkewe naye alicheka mwanzoni. Baadaye akanyamaza. Halafu siku moja mzee akaona begi uvunguni mwa kitanda, limejaa nguo.

"Mwisho wa mwezi naenda kukaa kwa dada yangu," mkewe alimwambia. "Baba watoto, mimi nimeolewa, sijaajiriwa."

Mzee alitaharuki. Akamwendea jirani yao, muuguzi, kuomba dawa ya usingizi. Muuguzi alimuuliza usingizi umepotea tangu lini. Aliposikia ni tangu astaafu, hakumpa dawa. Alimweleza kwamba kustaafu, kama kufiwa, kuachana au kuhamia ugenini, humtikisa hata mtu mzima mwenye nguvu zake. Wapo wanasihi, watu waliosomea kazi ya kumsikiliza mtu na kumsaidia ajielewe. Siku hizi unaweza kuzungumza nao kwa simu ya video, ukiwa kwako.

"Mimi sina wazimu, mwanangu," mzee alisema.

"Sijasema unao, mzee wangu. Mguu ukiteguka unatafuta wa kuukanda. Na moyo je?"

Mzee akakubali kujaribu. Muuguzi akamtafutia mnasihi, akahakikisha kwamba amesajiliwa, akamwonyesha namna ya kupokea simu ya video.

Siku ya kwanza mzee aliharibu. Aliweka simu mezani sebuleni, sauti juu, akamketisha mkewe kando, akaanza kutoa taarifa kama yuko kazini. Unga unaisha upesi. Taa ya uani haizimwi. Mnasihi, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamwambia kwa upole kwamba muda huu ni wa mzee mwenyewe. Atakayoyasema yatabaki kati yao, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Akamwomba siku nyingine akae chumbani peke yake, mlango umefungwa.

Safari ya pili alifanya hivyo. Mnasihi hakugusa habari za unga. Alimuuliza tu siku ya mwisho kazini ilikuwaje. Mzee akaanza na makofi, akaja kwenye saa. Alipofika kwenye funguo, akakwama.

"Nilikuwa nazivaa hapa kiunoni," alisema hatimaye. "Nikitembea zinalia, watu wanajua nakuja. Siku ile nilizikabidhi, nikatoka getini kimya. Hata mlinzi hakugeuka."

"Ukajisikiaje?"

"Kama sipo."

Akalia. Hakuwa amelia tangu mazishi ya mama yake. Aliona aibu, kisha akaona nafuu.

Mazungumzo si uchawi, na kufuli halikutoka siku hiyo. Lakini wiki iliyofuata mzee alimweleza mkewe habari ya funguo, jambo ambalo hakuwahi kulitaja. Mkewe aliacha kupepeta mchele, akamsikiliza. Mzee aliendelea kuzungumza na mnasihi. Akaanza pia kwenda chuo cha ufundi cha jirani, kufundisha namna ya kupanga stoo. Usingizi ukaanza kurudi.

Mwisho wa mwezi ulipofika, alifungua kufuli, akaliweka mezani mbele ya mkewe pamoja na ufunguo wake.

Mkewe alilitazama. Akaingia chumbani, na mzee akasikia begi likivutwa sakafuni. Akavuta kiti, akakaa.

Mkewe akarudi nalo mkononi, tupu. Akatia kufuli ndani, akafunga zipu, akalirudisha uvunguni.

"Chemsha chai, baba watoto," alisema. "Sukari unajua ilipo."