Tochi ya Asbulah

Lamri, fundi tochi wa pale kijijini Sukau, ni mwoga hata wa kuku, nami humtania kila siku. Lakini hili aliloniambia sikulicheka.

Adhuhuri moja Mak Rubiah alimletea tochi ya kichwani ya mwanawe Asbulah, mvunaji wa viota vya mbayuwayu vinavyoliwa, aliyetumbukia shimoni ndani ya pango siku tisa nyuma. Kilichopatikana ni tochi tu.

"Iwake tu, mwanangu. Niiweke chumbani kwake."

"Mama, hii imekunywa maji mpaka ikashiba. Bodi yake ya umeme imeoza. Nakuwekea mpya, itawaka moja kwa moja, haina mbwembwe za kukonyezakonyeza."

Akachomea bodi mpya kwa waya wa risasi, akafunga mlango aipime gizani. Bodi ikalia kwa sauti nyembamba kama ya mbu. Taa ikakonyeza mara mbili, ikazima, ikakonyeza mara mbili.

"Waya umelegea," alisema Lamri, ingawa haukulegea. Akaweka bodi nyingine kutoka pakiti nyingine. Mara mbili, giza, mara mbili.

Mak Rubiah akaketi sakafuni. Kwa wavunaji, aliye shimoni akikonyeza tochi mara mbili, walio juu humteremshia kamba.

"Jana niliwaambia wenzake wakunje kamba," alisema. "Niliwaambia basi, inatosha."

Lamri akafunga bodi ya tatu, ya mwisho aliyokuwa nayo. Wakasubiri gizani, mlio ule mwembamba ukiwa masikioni. Taa ikakonyeza tena mara mbili, ila sasa polepole, kama mkono uliochoka.