Aliyemsemea Zabibu

—Citoyenne, we si uliacha masomo?

Kuitwa citoyenne, yaani mwananchi, Zabibu alishazoea; hilo la masomo ndilo alidhani hakulisikia vizuri. Alikuwa amesimama mbele ya dirisha la ofisi ya kitivo, malaria ingali magotini, amekuja kuulizia siku ya mtihani wake wa marudio.

—Nani amesema nimeacha?

—Bwana yako, alijibu Kalaba, mwandishi wa ofisi. Alikuya juzi. Alisema unaolewa, unaenda kukaa naye Kambove.

—Mimi sina bwana, mama.

—Ule kijana murefu, Alimasi. Si we njo ulimutuma na carte yako ya étudiant?

Zabibu akashika ukingo wa dirisha. Ni kweli alimtuma. Siku zile homa ilipomlaza, alimpa Alimasi kitambulisho chake aende akamwandikishie mtihani. Alirudi akasema, "Iko muzuri, mambo imeisha." Akamshukuru, akalala.

—Bado naweza kuandikishwa?

—Leo tu, mbele tufunge. Lakini chef wangu ataniuliza juu ya nini juzi banasema hivi, leo banasema vile. Mwenye kusema ile maneno, akuye aifute yeye mwenyewe.

—Atakuja, alisema Zabibu.

Alikuwa na mwaka mmoja tu Lubumbashi. Wizara ya kwao Tanzania ilikuwa imempeleka kusomea jiolojia. Alivuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kalemie, akapanda treni iliyomchosha mpaka akasahau safari ilianza lini. Kituoni alipokelewa na Alimasi, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliyetumwa na shangazi yake, Mama Mawazo wa Katuba. Wazee wa Mama Mawazo walitoka Kasongo, na baadhi ya jamaa zao waliishia Ujiji, mtaa mmoja na wazazi wa Zabibu. Ndiyo maana alipewa chumba kwake.

—Tafadhali, naomba unisaidie sanduku langu, alimwambia Alimasi siku ile.

Alimasi alicheka mpaka akaegemea nguzo.

—We unasema sawa redio.

Na yeye akacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Kiswahili chake kilikuwa cha redioni, na Kifaransa hakuwa nacho. Darasani profesa alizungumza, wenzake wakaandika, yeye akachora mawe. Jioni Alimasi alikaa naye barazani kwa Mama Mawazo akimrudishia somo zima neno kwa neno. Kabla ya Pasaka walikuwa wanapendana na mtaa mzima unajua. Mwezi wa saba Alimasi akamaliza, akapata kazi mgodini Kambove, ya kuanza mwezi wa tisa. Zabibu akaanguka masomo matatu. Ikabaki mitihani ya marudio, na wizara ilikuwa imeshamwonya: akianguka tena, anarudishwa.

Alipofika nyumbani, Mama Mawazo alikuwa anatwanga sombe, yaani kisamvu, uani.

—Alimasi yuko wapi, mama?

—Iko kwa fundi, kule ku soko. Anashonesha koti, abacost. Juu ya nini unatetemeka, mutoto wangu? Homa imerudia?

Zabibu alimweleza. Mama Mawazo akaacha mchi ndani ya kinu.

—Mi alinidanganya vilevile. Alisema we mwenyewe ulichoka na masomo, unasikia haya kuniambia. Sikia, Zabibu. Ule ni mutoto wa ndugu yangu, lakini we njo uko mu nyumba yangu. Enda umulete.

Alimkuta amesimama wima mbele ya kioo, mikono ameinyoosha, fundi anambandika pini begani.

—Alimasi, umesema nini ofisini?

—Zabi, uko mugonjwa. Ikala kwanza.

—Nimekuuliza.

Alimasi alimtazama kwenye kioo, hakugeuka.

—Nilisema unaacha. Sikiliza, nakuomba. Ukianguka mara ya pili, bantu ba kwenu batakurudisha. Mi nitabakia na nini? Ukiolewa mbele ya mutihani, hakuna mwenye atasema uondoke.

—Kwa hiyo ulijua nitaanguka.

—Niliogopa.

—Ungeniambia unaogopa, tungeogopa wote wawili. Lakini hukuniambia. Uliamua, ukaenda.

—Nakupenda, Zabibu. Fundi huyu iko shahidi.

Fundi akainamisha uso kwenye kitambaa.

—Sijakataa kwamba unanipenda. Lakini mwaka mzima watu wananisemea. Darasani, posta, hospitali. Nimevumilia kwa sababu Kifaransa sikijui, najifunza. Wewe umenisemea jambo ambalo sihitaji Kifaransa kulijibu. Kukubali kuolewa najua. Kukataa pia najua. Ungeniuliza tu.

Cherehani ya jirani ilikuwa inakwenda, ikasimama.

—Unataka nifanye nini? Alimasi aliuliza.

—Twende ukayafute maneno yako.

—Sasa hivi? Mbele ya bantu?

—Ulipoyasema hapakuwa na watu?

Fundi alianza kutoa pini, moja baada ya nyingine.

—Enda, kaka, alisema taratibu. Koti itakungojea.

Ofisini waliwakuta wanafunzi wanne kwenye foleni, na wawili walisoma darasa moja na Alimasi. Wakamsalimu kwa furaha, wakamwita ingénieur. Alimasi akawapita bila kujibu, akafika dirishani.

—Citoyenne, ile nilisema juzi…

—Sema kwa nguvu, alisema Kalaba. Juzi ulisemaka kwa nguvu.

Alimasi akapandisha sauti.

—Nilisema bongo, nilidanganya. Zabibu hakuacha masomo. Hakunituma niseme vile. Ni miye.

Kalaba akaingia chumba cha ndani, akakaa kitambo, akatoka na kitambulisho alichokiacha Alimasi juzi, akampa Zabibu mwenyewe mkononi.

—Nimeandika jina yako, utapita mutihani na benzako. Enda ukasome.

Nje, chini ya jua kali la mwezi wa tisa, Alimasi alitembea nyuma yake hatua chache.

—Sasa tunaachana?

—Sasa nina mtihani. Usije kwa Mama Mawazo mpaka matokeo yasomwe.

—Na kisha?

—Sijui. Sitaki kukudanganya.

Alimasi akaenda Kambove peke yake. Zabibu akafunga kitambaa kichwani, akaanza upya. Alisoma kwa sauti uani, sentensi moja mpaka ulimi ukubali. Mama Mawazo hakujua Kifaransa wala mawe, lakini alimkatiza kila mara: "Nielezee na mi." Zabibu akaeleza kwa Kiswahili, kisha akayarudisha yaleyale kwa Kifaransa. Palipokataa ndipo alipojua hajaelewa, akafungua kitabu tena.

Siku mbili kabla ya mtihani, mwenye duka la pembeni alimwita kwenye simu. Ilikuwa sauti ya Alimasi, inakwaruza.

—Zabi? Naweza kuomba ruhusa kwa kazi, nikuye kukusaidia ku mutihani ya oral.

—Hapana, Alimasi.

—Hata ile chapitre ya mwisho ya kitabu? Iko nguvu.

—Nimeshaipita mara nyingi. Niache nayo.

—Haya, njo vile, alisema Alimasi. Enda na Mungu.

Kwenye mtihani wa mdomo, profesa alimwekea jiwe la kijani mezani, akamtaka aeleze lilivyotokea. Zabibu alianza vizuri, kisha neno moja likamkimbia. Mwezi wa saba angeomba radhi na kutoka. Safari hii alilizunguka neno lile kwa maneno madogo aliyokuwa nayo, Kifaransa kikichechemea. Profesa akauliza tena. Akajibu tena. Akauliza la tatu. Akajibu hilo pia.

Matokeo yaliposomwa, jina lake lilifuatwa na neno moja: satisfaction, yaani amefaulu.

Alimasi alikuwa amesimama nje ya lango, hakuthubutu kuingia.

—Nilisikia bakikupigia makofi, alisema. Nisamehe, Zabibu. Sikukujua vizuri.

—Nimekusamehe. Ulisimama mbele ya wenzako ukasema. Wengi wasingeweza.

—Alors, nikuulize sasa? Utakubali kuolewa na miye?

Zabibu alimpenda, hilo halikumtoka hata siku ya fundi.

—Nitamaliza masomo kwanza. Kisha nitarudi kuitumikia serikali iliyonisomesha. Mume wangu atanifuata Tanzania.

—Na kazi yangu ya Kambove?

—Najua unayo.

—Baba yangu atalia.

—Najua, Alimasi. Kwa hiyo usinijibu leo. Nenda ukafikiri.

Alifikiri mwaka mzima, wakagombana mara mbili juu ya jambo hilohilo, wakapatana. Miaka ikapita; Zabibu alipopata shahada yake, Alimasi aliacha kazi, akavuka ziwa akiwa na baba yake na Mama Mawazo. Mbele ya wazee wa Ujiji hakungoja kuulizwa. Alieleza mwenyewe alichokifanya ofisini, kisha akaposa.

Arusi ilifungwa Ijumaa baada ya sala. Jioni, wanawake wakiwa bado wanaimba, Mama Mawazo alimsogelea bibi arusi sikioni.

—Na akichoka na hii inchi yenu, utafanya namna gani?

Zabibu alitazama upande wa wanaume, Alimasi akihangaika na kanzu ya kuazima iliyomfikia magotini.

—Ataniambia, mama. Nami nitamsikiliza.