Makopo ya Mahindi

Nina miaka hamsini na mbili, mjane, na ninaishi Sombetini katika nyumba ya vyumba viwili ambayo siku hizi ina kimya cha kutosha watu kumi. Nilizaa mtoto mmoja tu, Neema. Yuko hai, mzima, anaishi Engutoto, wala si mbali. Lakini ninyi mnaosoma, mkimaliza mniambie: nina mtoto au sina?

Nauza mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, asubuhi. Mwaka juzi nilinunua makopo mapya ya kubebea, yenye alama ya jani la kijani kwenye mfuniko. Muuzaji aliniambia haya si plastiki, yametengenezwa kwa mahindi, yanaoza kama ganda la ndizi. Mimi Mmeru niliyelelewa kwa loshoro ya mahindi na maziwa mgando, mahindi yatanidhuru vipi? Nikawa navunja kipande cha mfuniko mbele ya wateja, nakitafuna. Wanacheka, wananunua. Nilijiona mjanja kweli.

Kiingereza sijui. Siku moja Mama Bite, fundi cherehani wa kibanda cha jirani, aligeuza kopo akanisomea maandishi madogo ya chini: kwa chakula cha baridi tu.

“Dada, hata kama ni mahindi, wanachanganya na madawa mengine ili ligande,” akasema. “Ukimwagia mtori unaochemka, unajua kinachotoka?”

Nilimwambia nitauliza. Sikuuliza... Stoo ilikuwa imejaa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyatafuna mbele za watu. Ningeanzia wapi?

Ndipo Neema akajifungua. Kwetu mzazi hunyweshwa mtori wa mama yake, na heshima hiyo niliingoja miaka. Kibanda kilinizuia kuhamia kwake, kwa hiyo kila asubuhi nilimtuma bodaboda na mtori wa moto, kwenye makopo yaleyale. Baada ya wiki moja Neema akanipigia. Kopo linalegea, akasema, na mtori una harufu ngeni.

“Mama, haya makopo ni salama? Nanyonyesha.”

“Ni mahindi hayo, mwanangu. Kunywa.”

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu!

Kisha Mama Bite akaenda kumwona mzazi. Akalikuta kopo mezani, akashangaa, akasema bila ubaya wowote kwamba mbona alishanisomea. Jioni Neema alinipigia. Hakunitukana. Aliuliza tu, “Mama, ulikuwa unajua?” Nikamuuliza mtoto anaendeleaje. Akakata simu.

Mjukuu wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Daktari alisema hawezi kujua kama kuna kitu kiliingia kwenye maziwa au hakikuingia. Kutojua huko ndiko kulikomtesa mwanangu. Kila mtoto alipolia, kila alipotoka kipele, alijiuliza. Nami sikuitwa. Mama mkwe wake ndiye aliyekuja kumpikia.

Nikapika mtori mzuri kuliko wote niliowahi kupika, nikautia kwenye hotipoti niliyozawadiwa siku ya harusi yangu, nikaupeleka mwenyewe. Mama mkwe aliupokea mlangoni, akasema kwa upole kwamba mzazi amelala. Ndani nilimsikia Neema akimbembeleza mtoto... Nikarudi kwa miguu hadi Sombetini.

Keshokutwa yake bodaboda aliirudisha hotipoti. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hata ndizi mbili utaweka, hata chumvi. Nikaifungua. Ilikuwa imeoshwa, imekaushwa vizuri, haina kitu.

Ndugu zangu mnaopika na kuuza, geuzeni kopo msome chini. Usiyejua kusoma omba usomewe, kisha ukubali ulichosomewa. Jani la kijani halijui mtori wako una moto kiasi gani. Na mtoto wako akikuuliza swali, mwambie ukweli hata ukiumbuka, kwa sababu wateja wangenicheka siku moja tu wakasahau.

Makopo niliyaacha. Anayetaka mtori wa kubeba aje na chombo chake. Hotipoti ipo juu ya kabati. Najua haina kitu, lakini kuna siku naishusha na kuifungua tena.